Utafiti wa utumbo unaostahili ridhaa ya watu wa Kigoma

Mtu wa Kigoma akiharisha damu kwa wiki ya sita mfululizo, kila anayemwona ana jibu tayari. Duka la dawa litampa Flagyl. Zahanati itaandika amiba, au taifodi, na mara nyingine vyote viwili kwenye cheti kimoja. Jirani atanong'ona kwamba hilo si tumbo la hospitali. Siwalaumu. Mkoa huu unaujua ugonjwa wa kuhara kwa machungu yake: Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kilikumba maelfu ya watu katika muda wa wiki chache. Kichocho cha utumbo kipo ziwani. Mhudumu anayeona kuhara na kufikiria vijidudu anafuata alichokiona maisha yake yote, na mara nyingi anapatia.

Tatizo linaanza pale kuhara kunapokataa kuisha. Mgonjwa amemaliza dozi moja baada ya nyingine, kipimo cha choo hakionyeshi amiba wala mayai ya kichocho, virusi vya UKIMWI hana, na bado anaamka usiku kukimbilia chooni, kilo zinapungua, magoti yanauma, mdomo una vidonda. Hapo ndipo lingepaswa kuulizwa swali jingine: je, ni kinga yake mwenyewe inayoushambulia utumbo? Magonjwa makubwa ya namna hiyo ni mawili. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana na kuchubua ukuta wake wa ndani, ikianzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ukapenya unene wote wa ukuta, ukauziba utumbo au kuutoboa. Yote mawili ni ya kudumu. Hutulia yakarudi, na mara nyingi huwaanza vijana wa kati ya miaka 15 na 35, yaani umri wa kusoma, kuoa, kuzaa na kuanza biashara.

Ugonjwa wa Crohn ulielezwa mwaka 1932 na madaktari watatu wa New York, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, na kwa miongo mingi vitabu viliuhesabu kuwa ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi. Makadirio ya mwaka 2017 yaliweka wagonjwa wa magonjwa haya duniani kuwa milioni 6.8, na kasi ya ongezeko imehamia kwenye nchi zinazokua kiuchumi. Kwetu huwezi kujua wako wangapi, kwa sababu ugonjwa huu hauonekani bila kuingiza mpira wenye kamera, kukata kinyama na kukipima chini ya hadubini. Kwa mtu wa Kibondo au Kakonko, kipimo hicho maana yake ni safari ndefu, malazi ya ugenini na siku nyingi za kutofanya kazi. Wengi huishia njiani.

Mpwa wangu wa Ujiji alifika. Alipimwa akaambiwa ni kolaitisi ya vidonda, baada ya miaka ya kutibiwa amiba. Tangu apate jina la ugonjwa wake amekuwa akisoma kila anachokipata, na sasa anauliza kama anaweza kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya. Amepewa majibu ya aina mbili. Wapo wanaomwambia asikubali kugeuzwa panya wa maabara. Wapo wanaomwambia akimbilie nafasi yoyote itakayotokea, kwa kuwa atapimwa bure na kutibiwa bure. Mimi nadhani pande zote mbili zinajibu swali ambalo si lenyewe. Swali la kushiriki au kutoshiriki halina maana mpaka ujue ni utafiti upi. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba watu wa Kigoma wanapaswa kushiriki, tena wadai kushirikishwa, lakini utafiti wa kwanza kustahili ridhaa yao ni ule unaojibu swali linalowaumiza wao, na swali hilo kwa sasa haliko kwenye sindano mpya kabisa.

Nianze na wanaokataa moja kwa moja, kwa sababu hofu yao ina historia. Kati ya 1906 na 1907 Robert Koch, mwanasayansi aliyekuwa ameshapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu, alikwenda visiwa vya Sese ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kutafuta dawa ya malale. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, akaongeza dozi pale dozi ndogo iliposhindwa. Baadhi yao walipofuka, na macho hayakurudi. Huko Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto wapatao 200 waliingizwa kwenye jaribio la dawa ya kampuni ya Pfizer. Watoto 11 walikufa, wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba ni jaribio, na kesi na Jimbo la Kano ikamalizwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75. Mzee anayemkataza mjukuu wake asiingie kwenye utafiti hajaokota maneno barabarani.

Lakini kujitenga nako kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa na mgonjwa. Tazama dawa zenyewe. Prednisoloni anayomeza mpwa wangu hali inapochafuka inatoka kwenye familia ya dawa ambayo ilithibitishwa kwa kolaitisi huko Uingereza. Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford waligawa wagonjwa 210 katika makundi mawili, kundi moja likapewa kotisoni na jingine dawa tupu inayofanana nayo, na katika ripoti ya mwaka 1955 wakaonyesha kwamba waliotulia kabisa walikuwa takriban asilimia 41 upande wa kotisoni, na asilimia 16 upande wa pili. Kabla ya hapo, shambulio kali la kolaitisi lilikuwa linaua watu wengi. Wagonjwa wale 210 walishiriki, na kijana wa Ujiji anafaidika leo na ushiriki wao. Sulfasalazini nayo ilitoka Sweden, kwa daktari Nanna Svartz, aliyeitengeneza kwa ajili ya ugonjwa wa viungo akaona wagonjwa wenye matatizo ya utumbo wanapata nafuu. Tumekuwa tukila matunda ya ushiriki wa wengine. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aone kushiriki ni jambo la heshima.

Kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni kwamba miili haifanani. Azathioprini, kidonge cha siku nyingi kinachotuliza kinga, kilitumika Ulaya kwa miongo kadhaa, na madaktari wakajifunza kupima jeni moja inayoonyesha nani ataangushiwa chembe nyeupe za damu. Korea Kusini wakaona wagonjwa wao wa Crohn wanadhurika ingawa jeni ile iko sawa. Mwaka 2014 watafiti wa huko walitangaza jeni nyingine, NUDT15, ambayo aina yake yenye hatari ni ya kawaida Asia ya Mashariki na ni adimu Ulaya. Wangeendelea kutegemea majaribio ya Ulaya, wasingeiona kamwe.

Sisi tuna la kwetu. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wana hali ya damu iitwayo Dafi-hasi, iliyoenea kwa sababu inamkinga mtu na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Mwenye hali hiyo huwa na chembe nyeupe za aina ya nyutrofili chache kuliko kiwango kilichoandikwa vitabuni, naye ni mzima wa afya, anapambana na maambukizi kama mtu mwingine yeyote. Sasa majaribio mengi ya dawa huweka sharti kwamba nyutrofili zisipungue 1,500 kwa mikrolita moja ya damu. Mama muuza dagaa wa Kibirizi anayebeba ndoo kichwani tangu alfajiri anaweza kupimwa, akakutwa na 1,200, akarudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba damu yake haifai. Na hata nje ya majaribio, watafiti wa Marekani wameonyesha kwamba wagonjwa wenye hali hiyo husimamishiwa azathioprini mara nyingi zaidi kuliko wengine, kwa hofu ya damu iliyo ya kawaida kwao. Kwa hiyo mtu ananyimwa dawa ya bei nafuu inayomfaa kwa sababu kipimo cha kawaida kiliwekwa kwa kutazama watu wengine. Hili halitarekebishwa na huruma ya mtu yeyote. Litarekebishwa na damu ya watu wetu kupimwa, kuandikwa na kufuatiliwa.

Halafu kuna kifua kikuu, na hapa ningeomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu ndipo hoja yangu yote inaposimama.

TB si ya mapafu tu. Inashika utumbo, na inapenda sana pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, sehemu ileile inayopendwa na ugonjwa wa Crohn. Yote mawili huleta vidonda, huziba njia, hupunguza uzito, huleta homa za jioni. Hata kinyama kilichokatwa kinaweza kuonyesha uvimbe mdogomdogo wa chembe unaofanana. Daktari mzoefu mwenye kamera nzuri bado anaweza kukosea. Na kosa lina sumu pande zote mbili: ukimpa mwenye TB dawa za kutuliza kinga, umeifungulia TB mlango, ukimpa mwenye Crohn dawa za TB kwa miezi sita, umempotezea muda ambao utumbo wake unaendelea kuharibika. India, wanaokutana na utata huu kila siku, wamezoea kuanza na dawa za TB kisha kurudia kamera baada ya miezi michache waone kama vidonda vimepona. Hiyo ni busara iliyotokana na utafiti wao wenyewe, kwa wagonjwa wao wenyewe.

Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025 iliihesabu Tanzania kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Weka hilo kando ya jambo hili. Infliksimabu, sindano ya kwanza ya kizazi kipya kwa ugonjwa wa Crohn, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2001, ilichapishwa taarifa ya watu 70 waliopata TB baada ya kuitumia, na karibu wote walitoka nchi ambako TB ni adimu. Sindano hiyo huzuia TNF, kemikali ambayo mwili unaitumia kuifungia TB iliyolala isiamke. Tangu hapo kila anayetaka kuanzishiwa dawa za kundi hilo hupimwa kwanza TB iliyojificha. Sasa fikiria jaribio kama hilo likiletwa mkoa ambao watu wengi wamewahi kukutana na vimelea vya TB. Ama wengi wa waliojitokeza watakataliwa, ama watakubaliwa na hatari itakuwa kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya ridhaa iliyotungwa kwa wagonjwa wa Toronto.

Ndiyo maana nasema sindano mpya si mwanzo wetu. Mwanzo wetu ni utafiti usio na dawa mpya hata moja: kila anayefika hospitali na kuhara damu kwa zaidi ya wiki nne aandikwe, apimwe kwa utaratibu uleule amiba, kichocho, virusi vya UKIMWI na TB, apelekwe kwenye kamera kwa gharama ya utafiti, kisha afuatiliwe kwa miaka kadhaa ijulikane mwishowe alikuwa na nini. Mwenye TB atajulikana kwa kupona akipewa dawa za TB. Mwenye Crohn atajulikana kwa kutopona. Baada ya muda mkoa utakuwa na kitu ambacho hakipo vitabuni, yaani dalili zipi za mtu wa Kigoma zinaelekea TB na zipi zinaelekea kwingine. Daktari wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, atakuwa na la kushika mkononi badala ya kubahatisha.

Utafiti wa namna hiyo nao unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na unahitaji ridhaa. Kwamba hakuna kidonge kipya hakumaanishi mtu achukuliwe damu kimyakimya.

Baada ya huo, ningeunga mkono majaribio ya dawa za bei nafuu. Sulfasalazini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Azathioprini inajulikana kwa miaka mingi. Swali la Kigoma si kama zinafanya kazi, maana hilo limeshajibiwa. Swali ni namna ya kuzitumia kwa usalama kwa mtu anayeishi Buhigwe, ambaye damu yake inapaswa kupimwa mara kwa mara miezi ya mwanzo, na nyutrofili zake ni chache kwa asili. Kiwango gani cha chini kikubaliwe? Kipimo cha zahanati ya karibu kinatosha? Hakuna kampuni itakayolipia swali hilo, kwa kuwa hakuna faida kwenye kidonge ambacho hatimiliki yake ilishakwisha. Lazima fedha za umma zilipie.

Nilipokuwa nikimweleza mpwa wangu haya barazani kwao, dada yangu alikuwa anachambua mchele, anasikiliza. Nilipofika kwenye majaribio ya makundi mawili alinyanyua uso.

"Kwa hiyo, kaka, daktari mwenyewe hatajua amempa mwanangu nini?"

"Hatajua, dada."

"Na mwanangu hatajua?"

"Naye hatajua."

"Sasa anayejua ni nani?"

Nikamwambia kuna orodha iliyofungwa, inayoshikwa na watu wasiomhudumia mgonjwa, na mgonjwa akipata hatari inafunguliwa siku hiyohiyo. Nikamwambia pia kwamba kuna kamati ya nje inayotazama matokeo jaribio likiendelea, yenye uwezo wa kulisimamisha. Akauliza kwa nini wasimpe kila mtu dawa halisi wakaona. Hilo ni swali la msingi kuliko maswali mengi niliyosikia kwa wasomi. Jibu lake liko kwenye ugonjwa wenyewe: kolaitisi hutulia yenyewe na kurudi yenyewe. Katika majaribio yaliyokusanywa pamoja, takriban mmoja kati ya watatu waliopewa dawa tupu alionyesha nafuu. Bila kundi la pili, hata unga wa muhogo ungeonekana ni dawa. Dada yangu alielewa. Hakuridhika, ila alielewa, na nadhani hapo ndipo ridhaa ya kweli inapokaa: mtu ameelewa kiasi cha kuweza kukataa.

Ninachohofia ni ile ridhaa nyingine. Mama wa kijijini anakaa mbele ya mtu mwenye koti jeupe, anasomewa kurasa nyingi kwa Kiswahili cha ofisini, anaulizwa, "Mama, umeelewa?" Anajibu, "Nimeelewa, mwanangu," kwa adabu, kwa kuwa si heshima kumwambia msomi hujaeleweka. Anaweka dole gumba. Kisheria imekamilika. Watafiti wanaotaka kufanya kazi Kigoma wapangiwe utaratibu tofauti: karatasi ipelekwe nyumbani ilale, ndugu waisome, wazee wa Kasulu waelezwe kwa Kiha pale Kiswahili kinapowapiga chenga, na kabla ya sahihi mgonjwa aombwe aeleze yeye, kwa maneno yake, atafanyiwa nini na anaweza kutoka lini. Akishindwa kueleza, aliyeshindwa ni mwelezaji. Na hapo Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, ambako mtu anaweza kuamini kwamba kukataa kutamharibia huduma nyingine, uangalifu uongezwe mara mbili.

Vifaa vya kupimia navyo vinahitaji jicho la mtu wa hapa. Majaribio ya kolaitisi kwa kawaida hutumia alama za Mayo, kuanzia 0 hadi 12. Sehemu yake moja hujazwa na mgonjwa kila siku kwenye daftari: amekwenda haja mara ngapi zaidi ya kawaida yake, na damu ilikuwaje, michirizi tu, au damu ya wazi karibu kila mara, au damu tupu. Kipimo hicho kinadhani mtu anaona alichokitoa. Anakaa kwenye choo cheupe chenye maji na taa juu. Mgonjwa wetu anatoka nje usiku wa manane kwenda choo cha shimo, tochi ya simu mdomoni au hana kabisa, na kilichotoka kimeshaanguka gizani. Asubuhi ataandika nini? Ataandika sifuri, si kwa kudanganya bali kwa kuwa hakuona. Dawa isiyofanya kazi itaonekana inafanya kazi. Jambo hili linatibika kwa tochi, kopo na maelezo mazuri, lakini lazima aliyeandaa utafiti awe anajua kwamba lipo, na hatajua kama hakukaa na wagonjwa wa hapa wakati wa kuandaa.

Vivyo hivyo nauli. Mshiriki huitwa kituoni kila baada ya wiki mbili au nne mwanzoni, na kamera hurudiwa baada ya miezi miwili mitatu, kisha mwakani. Kumrudishia nauli, chakula na siku yake ya kazi si kumhonga. Kumhonga ni kumpa fedha nyingi kiasi kwamba anaficha dalili mbaya ili asitolewe. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana, na kamati za maadili zinajua kuipima.

Wanawake nao watazamwe. Majaribio mengi ya dawa mpya huwatoa wajawazito, na huwataka wanawake wengine watumie uzazi wa mpango muda wote. Kwa mkoa ambao wanawake huanza kuzaa mapema, na ugonjwa unaoanza umri uleule, sharti hilo linaweza kubakiza wanaume watupu. Tutajua dawa inavyomfanya mvuvi, na hatutajua inavyomfanya mkewe.

Sasa nije kwa wale wa upande wa pili, wanaosema twende popote kwa kuwa ni bure. Bure ina mwisho wake, nao umeandikwa kwenye mkataba. Jaribio la miezi 12 likiisha, mgonjwa aliyetulia kwa sindano yenye bei ya maelfu ya dola kwa mwaka atafanywaje? Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, linataka mpango wa kuendelea kumpa dawa mshiriki aliyenufaika uwekwe kabla jaribio halijaanza. Kabla. Kinachoahidiwa baadaye kwa mdomo si mpango. Tuna mfano wa nyumbani wa kutufanya tuwe macho. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba zilizojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459, kazi ya miaka mingi iliyofanywa na watafiti wa Kitanzania kwa kiwango cha kimataifa. Chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya huduma mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Siwezi kusema hilo lilikuwa dhuluma. Nchi ziliomba, zikapimwa. Ila linaonyesha wazi kwamba kuchangia ushahidi hakukupi nafasi ya kwanza kwenye foleni ya faida. Nafasi hiyo hudaiwa mapema, kwa maandishi, na wenye kuweza kuidai ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapoidhinisha jaribio, NIMR wanapotoa kibali, na mgonjwa mwenyewe anaposhika kalamu.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: siku ukiitwa, uliza dawa hii ikikufaa utaipata wapi baada ya mwaka, na nani analipa. Uliza wamejiandaaje na TB. Uliza kiwango chao cha nyutrofili ni kipi na wamekitoa kwa watu gani. Uliza nani atakutibu ukidhurika, na kwa bima ipi. Ukijibiwa vizuri, ingia, nami nitakusindikiza. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, una haki ya kuondoka na kuendelea na kliniki yako ya kawaida bila kunyimwa chochote, na haki hiyo unabaki nayo hata baada ya kusaini.

Fedha za utafiti wa kwanza nilioutaja zitatoka wapi? Ubia wa Ulaya na nchi zinazoendelea wa majaribio ya tiba, ulioanzishwa mwaka 2003, umelipia kazi nyingi Afrika, lakini mlango wake ni magonjwa ya kuambukiza. Ugonjwa wa Crohn hauna mlango hapo. TB ya utumbo inao. Mtafiti anayetaka kujua nani ana TB ya utumbo hawezi kulijibu swali lake bila kujua pia nani hana, na hao wasio nayo ndio wagonjwa wetu. Andiko likiandikwa kwa akili, swali moja linabeba jingine. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nao wana mfuko wa kuendeleza utafiti, na daftari la wagonjwa si mradi wa mabilioni.

Uvumilivu wa kufuatilia viumbe kwa miaka haujawahi kukosekana katika mkoa huu. Pale Gombe, tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, sokwe wamefuatiliwa mmoja mmoja, kwa jina, mama hadi wajukuu, na vijana wa vijiji vya jirani wamekuwa wakiandika kila siku nani amekula nini na nani anaumwa. Hata kinyesi chao hukusanywa na kupimwa, na kwa njia hiyo ilijulikana kwamba virusi vya jamii ya VVU vinawaua sokwe pia. Dunia ilijifunza mambo makubwa kwa kazi hiyo ya daftari na subira. Watu wa Mwamgongo, Ujiji na Kasulu wanastahili daftari lenye subira hiyohiyo, lenye kulinda siri zao, kwa ajili ya matumbo yao wenyewe.

Na daftari hilo lina mambo madogo ambayo mgeni hatayaona. Wavuvi hawakai mahali pamoja. Leo yuko Katonga, mwezi ujao yuko kambi ya kusini kuelekea Uvinza, na namba ya simu imebadilika. Iandikwe namba ya mke, ya tajiri wa boti, na ya ndugu mmoja asiyehama. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi inapopevuka boti hupumzika. Siku za kliniki ya utafiti zipangwe hapo, mvuvi atakuja bila kupoteza usiku wa kazi, na atarudi tena mwezi unaofuata.